Masika ya Randa ya Kushoto

Jumatano, 2 Aprili 1986

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha tangu alfajiri, na bati la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka sufuria. Msellem aliponiona nainama akataka kuinuka anisaidie, mguu ukamkatalia. Mwaka mzima nimemwomba alizibe tundu lile, hakuliziba, na leo ndipo anapotaka.

Shajara hii ni zawadi ya muuza saruji kwa wateja wake. Mteja ni Msellem, lakini yeye hana habari na kuandika. Mimi nafundisha watoto wa chekechea hapa Shella, kalamu haijanitoka mkononi. Naandika kwa sababu nikiyasema ninayoyafikiri ndani ya nyumba hii nitaonekana mbaya.

Yaliyotokea ni haya. Mume wangu, Msellem, ni fundi seremala, wa milango hasa. Mwezi uliopita alianguka mbele ya meza yake ya kazi. Kiharusi. Mguu wa kulia unaanza kurudi, anauburura lakini unarudi. Mkono wa kulia haurudi. Unalala mapajani, naye huuchukua kwa mkono wa kushoto akaupanga vizuri, mtu anavyompanga mtoto aliyelala. Randa aliyokuwa nayo siku ile iliruka ikapiga ukuta, ikapasuka ubavu.

Ijumaa, 4 Aprili

Wageni tena baada ya swala. Kila mmoja ana lilelile: utapona inshallah, mkono utarudi, fulani wa Gongoni alikuwa hivihivi na sasa anapanda minazi. Huyo mpanda minazi sijapata kumwona. Lakini kwetu ndivyo ilivyo, mgonjwa haambiwi usoni kwamba hatapona. Msellem humwitikia kila mtu inshallah, na wakishatoka hufumba macho.

Chakula namlisha mimi. Amekataa kula kwa mkono wa kushoto. Asema mkono ule una kazi yake, na kazi yenyewe kila mtu anaijua. Basi namega tonge, nalichovya, namtia kinywani. Leo ilikuwa wali na mchuzi wa samaki changu, nikimtolea miiba. Akaniuma kidole kusudi, tukacheka mpaka akapaliwa. Miaka ishirini tumeoana na sikuwahi kumlisha hata siku moja. Mungu anisamehe, nafurahi ikifika saa ya kula.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 14 Aprili

Hospitali. Sista Dorcas, anayewanyoosha viungo wagonjwa wa namna hii, aliuvuta mkono, akaukunja, akauminya kila kidole. Msellem alikuwa akimtazama machoni, si mkononi. Dorcas akasema, "Endelea na mazoezi, baba." Tulipofika mlangoni akanirudisha mimi peke yangu.

"Mama, nitakwambia kama dada yako. Mguu umeshukuru. Mkono huu sijui. Pengine utashika kikombe. Kazi ya kusukuma na kukaza, usimtegemeze hapo. Mfundishe wa kushoto mapema, kabla hajauzoea uvivu wa kukaa."

Njiani Msellem akaniuliza sista alisema nini. Nikajibu, alitaka kujua kama unalala vizuri. Nilichukia nilivyojisikia nikisema.

Jumamosi, 19 Aprili

Karakana imelala kimya. Mbao za mbambakofi za mlango wa Mastura zimeegemea ukutani, zimeshapimwa na kukatwa, zangoja. Mastura ni binti ya Awadh, mdogo wake Msellem, na ataolewa Mambrui baada ya Idd. Msellem alimwahidi mlango wa chumba chake tangu yu mtoto. Awadh ameshasema kwamba atatafuta fundi mwingine, si neno, kaka apumzike. Msellem alimwitikia vizuri. Tangu hapo anaamka, anaburura mguu hadi karakana, anazigusa mbao zile, anarudi kitandani.

Anakonda. Si chakula, chakula anakula. Fundi asiyefanya kazi anakonda kwa ndani.

Nimekuwa nikiwaza habari zangu mwenyewe. Hatukujaaliwa mtoto. Miaka kumi ya mwanzo kila mwanamke wa mtaa huu alinishika bega akaniambia, utapata inshallah. Nikawa nikisikia neno hilo natamani kuzama ardhini. Msellem ndiye aliyeliondoa. Siku moja akanambia, "Mahfudha, tuko wawili. Tukubali, tupumzike." Nililia wiki nzima, kisha nikapumzika kweli. Hakuna aliyepata kunitendea wema mkubwa kuliko ule. Nampenda kwa ule zaidi ya kwa lolote jingine.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nitaandika yote, maana kuna jambo limetokea na sijui limekuwa zuri au baya.

Kuna Mkamba mmoja, Kioko, anauza vyombo vya useremala vilivyokwisha tumika kule nyuma ya soko. Awadh alimpa habari kwamba randa ya fundi imepasuka. Akaja leo na gunia begani. Nyumbani tulikuwa mimi, Msellem, Awadh, na mama yao Bi Shekha aliyekuja toka Mambrui kumwangalia mwanawe.

Randa za kulainishia ubao hazina taabu, mtu huzishika kwa mkono autakao. Ile iliyopasuka ni ya kuchongea ngazi kwenye miimo, pale mlango unapolalia ukifungwa. Ina kibao cha kuongozea ubavuni, na chuma chake kimelazwa mshazari, kwa hivyo huenda upande mmoja tu. Ukiishika kwa mkono usio wake inachana mbao badala ya kuzikata. Bila randa hiyo hakuna mlango.

Kioko akatoa mbili, akaziweka juu ya meza. "Fundi, hizi ni pacha. Zilikuwa za Mhindi mmoja wa Mombasa, amefunga karakana. Hii ni ya mkono wa kulia, na hii ni ya kushoto. Moja nimeahidi mtu wa Kilifi, yeye hajali atapata ipi. Nyinyi chagueni kwanza."

"Kuna la kuchagua hapo?" akasema Bi Shekha. "Mwanangu si mashoto. Toa ya kulia."

"Ya kulia, kaka," akasema Awadh. "Mkono utarudi, inshallah."

Hata Kioko, mtu mstaarabu, akasema ni kweli utarudi, amewaona wengi.

Msellem akasogea mezani. Akaigusa ya kulia, akaigusa ya kushoto. Kisha akainua uso akanitazama mimi. "Mahfudha, wewe wasemaje?"

Nilikuwa nimesimama na sinia ya chai. Niliyaona matonge ninayomlisha, nikaona mbao zile ukutani, nikamsikia Dorcas. Nikamwona yeye siku ile aliponambia tuko wawili. Nikawaza, mtu huyu anauliza kwa sababu anajua kwamba mimi peke yangu sitamdanganya.

Nikasema, "Ya kushoto."

Bi Shekha akapiga kofi moja. "Astaghfirullahi! Umemkata mkono mwanangu yu hai ananiangalia?"

"Basi, mama," akasema Msellem. "Nimemuuliza, naye kajibu." Akamgeukia Kioko. "Niachie ya kushoto."

Chakula cha usiku nilimega tonge kama kawaida. Akageuza uso.

"Nipe kijiko, Bi Mahfudha."

"Tangu lini wala kwa kijiko?"

"Si nina mkono? Wewe mwenyewe umesema ninao."

Akala kwa mkono wa kushoto, ameelekea ukutani. Alipomaliza akasema ahsante. Mume wangu hakuwahi kunambia ahsante kwa chakula. Alikuwa akila, akijilamba vidole, akiuliza kama kimebaki.

Jumatatu, 28 Aprili

Amemwita Awadh wakageuza meza ya kazi. Kwa mkono wa kushoto kila kitu huwa kinyume, mwanga, kizuizi cha ubao, hata mahali pa kusimama. Mvua ilikuwa kubwa hawakusikilizana, wakawa wanapiga kelele. Ilikuwa raha kuzisikia kelele karakanani.

Jumatano, 30 Aprili

Randa yataka mikono miwili, mmoja wa kusukuma nyuma na mmoja wa kukandamiza mbele. Leo ameniita.

"Nifunge."

Sikuelewa. Akauweka mkono wa kulia juu ya kichwa cha randa, akanionyesha kitambaa. Nikararua kipande cha leso yangu kuukuu nikaufunga pale, vidole juu ya ubao, si kwa kukaza sana. Mkono ukakaa pale kwa uzito wake tu, na ule wa kushoto ukawa unausukuma kwenda na kurudi. Aliharibu ubao wa kwanza, akaharibu wa pili. Jasho lilimtoka kama yu juani.

Nilipomfungua akasema, "Ahsante, Bi Mahfudha."

Alhamisi, 1 Mei

Nimemfunga asubuhi, nimemfungua adhuhuri. Ahsante, mara mbili.

Jumapili, 4 Mei

Ubao mmoja umetoka sawa. Nimeuona, nimepitisha kidole kwenye ile ngazi, haina kikwaruzo hata kimoja. Nikapiga kigelegele bila ya kufikiri. Zamani angenambia, nyamaza wewe, watadhani kumezaliwa mtu. Leo akatabasamu kwa mdomo tu, akasema, "Ahsante."

Neno hili nimelichoka. Natamani anitukane.

Jumatano, 7 Mei

Njia imejaa maji, watoto sita tu wamefika chekechea. Tumeimba, nimewarudisha.

Jumapili, 11 Mei

Leo chungu mosi, Ramadhani imeingia. Tumefuturu uji na mahamri. Miaka yote hufuturu naye sinia moja. Leo alitaka sahani yake na kijiko chake, kando. Nikamuuliza kama nimemkosea. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hujanikosea. Ulisema kweli." Kisha akaenda kuswali. Upole wake unaniumiza kuliko kama angenipiga.

Jumamosi, 17 Mei

Bi Shekha amekuja na chupa ya mafuta ya habasoda, ya kusomewa. Shikamoo yangu aliipokea akiangalia bati. Akamkanda mwanawe mkono tangu alasiri hadi magharibi, akimwambia utarudi, mwanangu, utarudi, hata wasiotaka wataona. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilisikia vizuri, na alitaka nisikie.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemfunga. Nimemfungua. Ahsante.

Ijumaa, 30 Mei

Miimo miwili imekwisha, na kizingiti cha juu. Watu wanapita njiani wanasimama kutazama fundi anavyokwenda kwa kushoto. Wengine wanasifu. Yeye anawaitikia, lakini namjua, kila sifa anaihesabu kama pole nyingine. Mimi ndiye ninayefurahi, tena nafurahi peke yangu kama mwizi. Ameacha kukonda. Usiku analala fofofo, mchana ananung'unika juu ya misumari. Huyu ndiye mume wangu niliyemtaka arudi. Amerudi, isipokuwa kwangu.

Jumatano, 4 Juni

Leo nilipokuwa nafungua kitambaa, kidole gumba cha mkono ule kiliuminya wangu. Kidogo mno. Nikamtazama. Naye alikuwa ananitazama. Nilijua ni kule kwenda na kurudi juu ya randa kulikouamsha, siku hadi siku. Nilitaka kumwambia. Nikaogopa kwamba nitaonekana najitetea.

Nilipomaliza hakusema ahsante. Nimekaa na hilo siku nzima nikidhani ni heri.

Jumanne, 10 Juni

Idd. Amevaa kanzu mpya, amekwenda kuswali kwa miguu yake. Watu wamempa mkono, naye akautoa wa kulia, akiubeba kwa wa kushoto. Mtaa mzima umesema, haya, si tulikwambia?

Bi Shekha akanitazama mimi wakati huo. Kwa macho ya watu mafuta yamefanya kazi, na mimi ndiye niliyekata tamaa.

Alhamisi, 12 Juni

Mlango wa Mastura umepakiwa kwenye gari la kubebea mchanga na kupelekwa Mambrui. Msellem amekwenda nao akausimamishe. Alichukua randa, patasi, nyundo, na mto wa kulalia. Nikauliza mto wa nini.

"Nitakaa kidogo kwa mama."

"Kidogo kiasi gani?"

"Bi Mahfudha, gari linangoja."

Kitambaa cha kumfungia amekiacha juu ya meza.

Jumapili, 15 Juni

Mvua kidogo asubuhi. Hajarudi.

Jumapili, 22 Juni

Hajarudi. Waliokwenda arusini wanasema mlango ni mzuri, hausemi ukifungwa. Nimewaambia yuko kwa mama yake akandwe mkono. Nao wakanambia, atarudi inshallah. Basi neno lile limenigeukia mimi. Sasa ndiyo najua kwa nini mtu hulitaka. Nimewaitikia inshallah kwa moyo wote.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda Mambrui. Niandike upesi kabla moyo haujanikataza.

Nilimkuta uani amekaa mkekani na kikombe cha kahawa. Kikombe kilikuwa katika mkono wa kulia. Kilitetemeka, kahawa ikamwagika kidogo, lakini alikipeleka mdomoni na akanywa. Nililia palepale kwa furaha. Bi Shekha akainuka akaingia ndani, hilo nalihesabu wema kwake.

"Umeuona," akasema Msellem.

"Nimeuona. Alhamdulillahi."

"Ulisema hautarudi."

"Sikusema hautarudi. Nilisema uchukue ya kushoto ufanye kazi. Na ni kazi iliyouamsha, Msellem. Mimi ndiye niliyekuwa nikiufunga, nilikuwa nauona."

"Najua."

Hapo nilishtuka. "Wajua?"

"Najua. Mkono ni wangu. Mafuta namwachia mama afurahi."

"Basi nini? Nambie nini. Wewe mwenyewe ulinambia juu ya mtoto, tukubali. Niliona nakurudishia wema wako."

Akaweka kikombe chini taratibu, kwa ule mkono wa kulia, akahakikisha kimesimama. "Mimi nilikwambia chumbani, Mahfudha. Mlango umefungwa, nawe umelala begani pangu. Hakujua mtu hadi leo. Wewe ulinambia mbele ya Kioko na gunia lake."

"Uliniuliza mbele yao."

"Nilikuuliza ili unidanganye. Wote walikuwa wamenidanganya, nami nilijua, lakini wao si kitu kwangu. Nilitaka siku moja tu wewe useme utarudi, watu wasikie. Usiku ule ungenambia kweli, ningelia, na asubuhi ningemtuma Awadh abadilishe randa."

Niliinama. Sikulifikiria hilo hata mara moja. Kwamba mtu aweza kuitaka kweli na kuutaka uongo kwa pamoja, na kila kimoja kina mahali pake. Nimefundisha watoto miaka kumi na tano, na hili sikulijua.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimeshakusamehe. Si hilo." Akafuta kahawa iliyomwagika. "Kila nikikuona nauona uso wako wa siku ile, na sinia ya chai. Siwezi kula mbele ya uso ule. Nimejaribu. Mwezi mzima nimesema ahsante nikitumai moyo utafuata."

Aliniita Mahfudha, bila Bi. Nilirudi nimelishika hilo njia nzima.

Jumanne, 1 Julai

Nimeliziba tundu la karakana mwenyewe, kwa lami. Mvua zenyewe zimekwisha.

Jumamosi, 5 Julai

Kioko alipita kuuliza kama randa inafaa. Nikasema inafaa sana.

Jumapili, 13 Julai

Nimepika wali na changu. Sijui kwa nini. Nimempelekea jirani.

Ijumaa, 18 Julai

Awadh amekuja baada ya swala. Alibisha hodi kama mgeni, akakataa kukaa, akakataa maji. Akanipa karatasi iliyokunjwa.

"Kutoka kwa kaka," akasema.

"Nani kamwandikia?"

"Kaandika mwenyewe, shemeji. Tangu jana alasiri, hakutaka msaada wa mtu."

"Kwa kushoto?"

"Kwa kulia."

Nikaikunjua kwa pupa. Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka, nyingine zimerudiwa mara mbili, lakini zilikuwa herufi. Jina langu lilikuwa juu kabisa, zima, hakuna pahali lilipokatika. Vidole vile ndivyo nilivyokuwa nikivifunga juu ya ubao vikiwa havisikii kitu, na sasa vimeandika jina langu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, nikacheka, nikamwonyesha Awadh. "Umeona alivyoandika? Umeona?"

Awadh alikuwa anatazama chini. "Shemeji," akasema, "soma."

Nikasoma. Ni talaka.

Nimeisoma tena baada ya Awadh kuondoka. Na mara hii pia niliuona mkono kwanza nikafurahi, ndipo nikayafikia maneno.